Kutoka Mambasa Mpaka Bunia Kutafuta Mipira ya Remorki



Tangu remorki yetu iliporudi kazini, swali moja linatufuata sokoni, kisimani na hata mlangoni mwa kanisa: "Ninyi wawili tuliowatuma Bunia, mbona mlimaliza feza yote kwa mipira miwili tu, na mlikuwa na nafasi ya kuleta mitatu?" Swali hilo ni la haki, maana feza ilikuwa ya wote. Kwa hiyo tumeona vema tueleze safari yote, tangu kutoka hadi kurudi, ili kila mama ajue franga zake zilikwenda wapi, na ili kikundi kingine chenye remorki au pusipusi kisianguke katika shimo tulilokwisha kuanguka sisi.

Siku ile karibu na Lolwa

Wote mnaijua remorki yetu. Ni sanduku la mbao na chuma, lina magurudumu mawili, na fundi aliliunganisha kwa ekseli ya gari dogo la zamani. Siku ya soko tunaifunga nyuma ya jeep ya yule dereva tuliyepatana naye, tunapakia mpunga, ndizi, karanga na bido za mawese, tunakwenda kuuza Komanda. Mama ambaye zamani alibeba kilo 40 kichwani, sasa magunia yake mawili yanakwenda mara moja. Kutoka faida ile watoto kadhaa wamefika sekondari.

Mwaka jana mipira ya kwanza ilipochakaa tulinunua mingine ya okazioni kwa mchuuzi aliyepita hapa. Tuseme ukweli: hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuisoma. Ilikuwa myeusi, inang'aa, na bei ilikuwa ndogo. Tukapiga makofi.

Miezi michache baadaye, saa kumi ya mchana, mpira wa kulia ulipasuka tulipokuwa tunakaribia Lolwa. Dereva hakusikia kitu. Hapo ndipo remorki inapotofautiana na gari. Mpira wa gari ukipasuka, usukani unakuambia. Mpira wa remorki ukipasuka, aliye mbele anaendelea kuvuta tu, mpaka mpira unakuwa matambara na chuma kinalima barabara. Remorki iliinama, mwenzetu aliyeketi juu ya magunia na mtoto wake wa miaka miwili akarushwa chini. Mtoto aliangukia majani, akalia, tukamshukuru Mungu kwa kilio kile. Mama yake alivunjika mkono. Usiku ulitukuta pale pale, ukuta wa pori kushoto na kuume, na ninyi mnajua maana ya kulala barabarani katika Ituri ya leo. Tangu mwezi wa Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita, na hakuna mama anayepita njia hii bila kuuliza kwanza: "Habari za mbele?"

Ndizi ziliiva njiani zikauzwa kwa hasara. Mkono wa mwenzetu ulikaa miezi bila kushika jembe. Ndiyo maana tulipokutana baada ya hapo, tulipitisha mambo mawili: mtu yeyote asiketi tena juu ya remorki, na mipira mingine itafutwe Bunia, na watu watakaoisoma kabla ya kulipa. Mkatuchagua sisi wawili: mwalimu, kwa kuwa likizo kubwa ilikuwa imeanza, na mama mweka hazina, kwa kuwa hakuna mchuuzi anayeweza kumchekesha mpaka alegeze mkono.

Hesabu kabla ya safari

Hatukuondoka mara moja. Kwanza tulipima. Mama wenye mpunga walijua uzito wa magunia yao, maana wanunuzi wa Komanda wanayaweka kwenye mizani. Tukaandika ubaoni, darasani, watoto wakiwa likizoni:

Magunia 8 ya kilo 80 ni kilo 640. Bido 6 za mawese za lita 20, kila moja karibu kilo 19, ni kilo 114. Mikungu 10 ya ndizi, karibu kilo 20 kila mmoja, ni kilo 200. Remorki yenyewe tupu ni karibu kilo 250. Jumla ni kilo 1,204. Gawanya kwa magurudumu mawili: kila mpira ulibeba karibu kilo 600.

Kisha tukauosha mpira wa kushoto uliobaki, tukausoma. Uliandikwa 185/65 R14 86T. Tuchukue herufi hizo pole pole, kama darasani. 185 ni upana wa mpira kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wake: asilimia 65 ya upana ule. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 14 ni kipimo cha janti, yaani chuma cha ndani, kwa inchi. Herufi T ni ya mwendo, nayo haitusumbui, maana hakuna anayekimbia kilomita 190 kwa saa kati ya Mambasa na Komanda.

Namba 86 ndiyo tuliyopaswa kuisoma mwaka jana. Si kilo 86. Ni namba ya jedwali linalotumika dunia nzima, na katika jedwali hilo 82 ni kilo 475, 86 ni kilo 530, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800 na 102 ni kilo 850. Mpira wetu uliruhusiwa kilo 530, nasi tuliutwika 600. Hata tukitoa sehemu inayobebwa na kiungio cha jeep, bado tulikuwa juu ya kipimo, tena juu ya mashimo, tena juani. Mpira ule ulikuwa wa gari dogo la kubeba watu mjini. Tuliufanya punda.

Darasa lilinyamaza kidogo. Mama mwenye mkono uliovunjika alikuwa ameketi dawati la mbele. Akasema tu: "Kumbe ilikuwa imeandikwa." Maneno hayo tulisafiri nayo.

Njiani

Tuliondoka alfajiri kwa gari la abiria, tukiwa na gurudumu moja kuukuu pamoja na janti yake, tumelifunga kwa kitenge ili lisichafue watu. Abiria mmoja aliuliza kama ni ngoma. Mama mweka hazina akajibu kwamba ni mgonjwa, anapelekwa Bunia. Gari zima likacheka. Lakini tunawashauri wote: ukienda kununua mpira mbali, beba janti yako. Maneno "ya kwetu ni kama hii hapa" yamewarudisha wengi na mpira usioingia.

Kutoka hapa mpaka Bunia ni karibu kilomita 165. Katika majira mazuri ni safari ya mchana mmoja. Mvua ikinyesha, Mungu ndiye anayejua. Sehemu ya kwanza ni barabara ya kitaifa namba 4, ile inayotoka Kisangani, ikipita Nia-Nia na Epulu, kijiji cha okapi, ikifika kwetu, kisha Komanda, Beni na mpaka wa Uganda kule Kasindi. Ni udongo mwekundu uliosindiliwa. Wakati wa jua vumbi lake linapaka nguo zilizoanikwa. Wakati wa mvua malori yanachimba mifereji inayomfika mtu kiunoni. Pori limesimama pande zote mbili, na katika nafasi zilizofyekwa unaona migomba, mihogo na nyumba za udongo, na mama aliyeweka mawese ya chupa juu ya kiti, akingojea gari lisimame.

Safari hii tuliitazama njia kwa jicho lingine. Tulihesabu mipira iliyokufa pembeni. Vipande vilivyopasuka ubavuni vilikuwa vingi kuliko vile vilivyochomwa na msumari. Dereva wa gari letu, mtu wa miaka mingi barabarani, alitueleza sababu: mpira wenye upepo mdogo na mzigo mkubwa unakunjika ubavuni kila unapozunguka, mara maelfu na maelfu, na kukunjika huko kunatoa moto. Mtu anadhani jiwe limemuua, kumbe alikufa kwa homa. Akatufundisha pia kipimo cha mkono: kila mnaposimama, mshike ubavu wa kila mpira kwa kiganja. Mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, upepo umepungua au mzigo umelala upande wake. Kisha shika katikati ya gurudumu, kwenye beringi. Kukiwa na moto pale, grisi imekwisha.

Tulipopita Lolwa tulinyamaza wote wawili.

Komanda ni njia panda. Kulia ni Beni, kushoto ni Bunia, na katikati ni kelele ya wachuuzi wenye karanga, mayai ya kuchemsha na nyama ya kuchoma. Hapo barabara namba 4 tunaiacha, tunashika namba 27 inayokwenda Bunia na kuendelea Mahagi na Aru. Kutoka hapo pori linaanza kuachia. Vilima vya majani vinajitokeza, upepo unakuwa wa baridi, na mtu wa Mambasa anajifunga kitenge cha pili. Tulipita upande wa Nyakunde, mahali hospitali yake ilipoheshimika Ituri yote kabla ya mauaji ya Septemba 2002, na bado watu wanaitaja kwa heshima. Tukavuka mto Shari. Jioni tukaona mabati ya Bunia.

Bunia

Bunia ni mji mkuu wa jimbo letu tangu Ituri ilipokuwa jimbo mwaka 2015. Kwa mtu anayetoka kwetu, Boulevard de la Libération ni kama mto wa pikipiki: unasimama pembeni, unaomba, kisha unavuka. Bidhaa nyingi zinatoka Uganda, kwa njia ya Mahagi au Aru, au kwa mitumbwi ya Ziwa Albert mpaka Kasenyi na Tchomia. Mipira mipya inafika Afrika ya Mashariki kwa meli, katika bandari ya Mombasa, inapanda lori, inapita Nairobi na Kampala, zaidi ya kilomita 1,000, kabla ya kuvuka mpaka wetu. Tulicheka usiku ule: kutoka Mombasa mpaka Mambasa, herufi moja tu inabadilika, lakini kila bariyeri njiani inaongeza bei.

Tulilala kwa ndugu wa mama mweka hazina. Tulikula bugali na samaki wa ziwa, tukahesabu feza tena mlango ukiwa umefungwa. Ilikuwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya remorki. Ya pili, iliyofungwa katika leso nyingine, ni ya likelemba: feza ambayo akina mama watatu waliiweka ili watoto wao waanze sekondari mwezi wa Septemba. Shule za msingi za serikali hazilipishwi tena tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na mwalimu anayeandika haya anajua uso wa mtoto anayerudishwa nyumbani. Feza ya likelemba tulipewa tununulie daftari na kitambaa cha uniforme, maana Bunia bei ni nafuu. Haikuwa ya mipira. Kumbukeni jambo hilo.

Mchuuzi wa kwanza

Asubuhi tulifika mahali mipira ya okazioni imepangwa kama minara. Mchuuzi alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Alitazama janti yetu, akasema: "Mama zangu, nina mitatu ya namba 14, nawapa mitatu kwa bei ambayo wengine wanawauzia miwili. Miwili mnafunga, mmoja ni akiba. Na feza inabaki." Mioyo yetu iliruka. Mipira mitatu! Tungerudi Mambasa tukiimba.

Mama mweka hazina alitoa miwani yake, tukainama.

Kila mpira una neno DOT ubavuni, na baada yake herufi na namba. Tafuteni namba nne za mwisho; mara nyingi ziko ndani ya duara refu, na mara nyingi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo geuzeni mpira. Namba mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa kwanza wa kijana yule ulikuwa 1016: mwezi wa tatu wa mwaka 2016. Ulikuwa umezaliwa zaidi ya miaka tisa kabla. Wa pili ulikuwa 4417. Wa tatu namba zake zilikuwa zimekwanguliwa.

Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Jua, joto na hewa vinaukausha kama ngozi ya ngoma isiyopigwa. Kampuni ya Michelin inashauri mpira uliotumika miaka 5 uchunguzwe na fundi kila mwaka, na ufikapo miaka 10 tangu kutengenezwa uondolewe, hata kama unaonekana mzima. Na remorki ndiyo inayodanganya watu zaidi, kwa maana inakaa juma zima juani ikingojea siku ya soko. Meno ya mpira yanabaki marefu huku ubavu unakufa.

Tukaukunja ubavu wa ule wa 2016 kwa vidole gumba. Mistari midogo ikafunguka kama nyufa za tope lililokauka. Ule uliokwanguliwa ulikuwa na meno mazuri sana, mazuri kupita kiasi. Tulipotazama kati ya meno tukaona alama za kisu: ulichakaa, mtu akauchonga meno mapya ndani ya nyama iliyobaki. Mpira wa namna hiyo ni kama kiatu kilichotobolewa ili kionekane kina mapambo. Na weusi wake wote ulikuwa mafuta. Vidole vyetu viliondoka vikiwa vyeusi.

Hatukugombana. Kijana yule ana watoto vilevile. Tulimwambia, "Asante, mwanangu, tutarudi," naye alijua kwamba hatutarudi. Aliita nyuma yetu: "Mama mnasoma mpira kama Biblia!"

Depo

Katika depo ya mipira mipya tulieleza mzigo wetu: kilo 600 kila gurudumu, barabara ya Mambasa. Muuzaji hakucheka. Alituletea mpira ulioandikwa 185R14C 102/100. Herufi C ni ya magari ya mzigo. 102 ni kilo 850 mpira ukiwa mmoja kila upande. 100 ni kilo 800 kwa gari lenye mipira miwili miwili kila upande. Kwetu ni 850. Mara mbili ni kilo 1,700, nasi tuna 1,204. Hapo mlima una nafasi ya kupumua.

Tulijifunza kwamba nchi nyingine zina mipira ya remorki peke yake. Marekani, ambapo watu wanavuta hata nyumba ndogo nyuma ya gari, mipira hiyo inaandikwa ST mbele ya namba, na ubavu wake ni mgumu ili mzigo usiyumbe. Bunia hatukuiona. Lakini mpira wa gari la mzigo una ubavu mgumu vilevile, na unapatikana kwetu, na ukitoboka hata fundi wa kijijini anajua kuuziba. Chagueni kile mnachoweza kupata tena.

Kulikuwa na mambo matatu ya kutazama. Kwanza, mpira huu ni mrefu kuliko ule wa zamani: karibu sentimita 3 zaidi kutoka katikati hadi chini. Kabla ya safari tulikuwa tumepima kwa rula ya shule nafasi kati ya mpira na sanduku, na nafasi ilitosha. Asiyepima atakuta mpira unasugua mbao. Pili, muuzaji alileta mipira miwili, tukasoma: mmoja ulikuwa mpya wa mwaka ule ule, mwingine ulikuwa umelala stoo miaka minne. Tuliomba abadilishe. Alinung'unika, akaenda nyuma, akarudi na mwenzake wa kweli. Mpira mpya si ule ambao haujatumika tu. Ni ule ambao haujazeeka. Tatu, tulinunua valvu mpya mbili, za chuma. Valvu ni ya bei ndogo sana, lakini kuukuu ikivuja inaua mpira wa bei kubwa.

Kisha bei. Tulihesabu feza ya remorki: ilitosha mipira miwili na valvu na nauli ya kurudi. Wa tatu, wa akiba, haukuingia.

Leso ya pili ilikuwa ndani ya blauzi ya mama mweka hazina. Tunawaambia yote, kwa hiyo tunawaambia na hili: tuliitazama. Tulisema, tunaweza kuazima, soko mbili za Komanda zitarudisha. Tukakumbuka usiku ule wa Lolwa bila mpira wa akiba. Tukakumbuka pia kwamba Septemba haingojei soko mbili. Na feza ile haikuwa yetu kuazima.

Tukapiga simu Mambasa. Mwenyekiti aliwaita waliokuwa karibu, simu ikawekwa katikati, tukasikia sauti zote pamoja. Wengine walisema turudi kwa yule kijana, mitatu ni mitatu. Wengine walisema tuguse leso. Ndipo mwenzetu mwenye mkono akasema, nasi tulimsikia vizuri: "Leteni miwili mizima. Mzigo tutaupunguza mpaka wa tatu upatikane. Feza ya watoto msiifungue." Hakuna aliyeongeza neno.

Hilo ndilo jibu la swali lenu.

Kurudi na kufunga

Tulirudi na mipira miwili juu ya gari, daftari, kitambaa cha bluu na kitambaa cheupe, na samaki wa chumvi kidogo. Fundi wetu wa hapa Mambasa aliifunga siku ile ile. Alisafisha kutu ya janti kwa brashi, akatoa grisi ya zamani iliyojaa mchanga, akatia mpya. Tulimwomba ajaze upepo kwa kipimo, asipime kwa kupiga teke. Ubavuni mpira wenyewe unasema uzito wake wa mwisho na upepo wake wa mwisho, kwa kPa. Fundi wetu anahesabu kwa kilo. kPa 100 ni karibu kilo 1. Hatupiti kamwe kipimo kilichoandikwa, na upepo tunaupima asubuhi mpira ukiwa baridi, maana ukisha kukimbia unavimba kwa joto na kipimo kinadanganya.

Sasa tunafuata desturi hizi, na tumezibandika mlangoni mwa stoo:

Magunia ni 6, si 8, mpaka mpira wa tatu ufike. Mzigo mzito unakaa mbele kidogo ya ekseli, ili remorki isipige mkia. Kila kijiji kikubwa tunasimama, tunashika mipira na beringi kwa kiganja, na mtu mmoja wa kikundi anaketi ndani ya jeep akitazama nyuma. Siku zisizo za soko remorki inakaa chini ya paa, imeinuliwa juu ya matofali, na mipira imefunikwa kwa magunia matupu. Mpira mmoja kuukuu tunaubeba, lakini ni wa kujivuta polepole mpaka kijiji cha karibu, mzigo ukiwa umeshushwa. Na hakuna mtu juu ya magunia, hata akiwa mgonjwa, hata mvua ikinyesha, hata akiwa mke wa shefu.

Tumekwenda Komanda mara nne tangu hapo. Mpira haujatusumbua. Tunapata faida ndogo kwa kila safari kwa sababu ya yale magunia mawili tunayoacha, na wenye magunia hayo wananung'unika, nasi tunawaelewa. Sanduku la mpira wa tatu limefunguliwa. Kila mama anatia franga 500 siku ya mkutano. Watoto watatu wameanza sekondari pamoja na wenzao, siku ya kwanza, na uniforme.

Mama mwenye kikundi, wewe unayesoma haya ukiwa Mandima, Biakato au Nia-Nia: kabla ya kununua, inama. Soma uzito, soma mwaka, kunja ubavu, pima kwa rula. Kama macho hayaoni vizuri, chukua mtoto wa darasa la tano. Kazi ya kusoma namba anaiweza, naye atafurahi kuona kwamba hesabu za shule zinalinda mkono wa mama yake.

Siku ya Jumatano mkutano ni saa tisa, chini ya mwembe kama kawaida. Mje na franga zenu, na atakayetaka kusoma ubavu wa mpira, remorki itakuwa pale.